Kifua cha Verlin

Mgodi wa makaa ulipofungwa, wanaume wa bonde letu hapa Kentucky walitawanyika. Wengine walikwenda Ohio kubeba mizigo kwenye maghala, wengine wakabaki barazani kuilaani serikali. Kaka yangu Verlin, na miaka yake hamsini na moja, akaenda chuoni kusomea uuguzi. Mimi ni mpishi wa kantini ya chuo hichohicho, kwa hiyo maneno ya watu yalinifuata mpaka jikoni.

“Nesi Verlin!” Hobart, jirani yetu, alimwita akipita. “Tukizeeka utatuvisha nepi?”

“Wewe nitakufunga mdomo kwanza, nepi baadaye.”

Chuoni nako vijana walimwona na kopo lake la chakula la mgodini. “Babu, umepotea?”

“Nimepotea miaka thelathini, wajukuu zangu. Ndiyo kwanza naiona njia.”

Alitaka kazi ya juu ya ardhi, yenye madirisha. Baba yetu aliuawa na vumbi la makaa, na Verlin aliapa halitampata yeye. Alikariri majina ya mifupa huku akinimenyea viazi. Alifaulu mitihani ya mwanzo, nami nikaanza kujidai naye mbele ya wale wa barazani.

Ila alikuwa akikohoa. Kila kiangazi gari la kupima mapafu huegeshwa karibu na kituo cha mafuta, bure kabisa, na wachimbaji hawalisogelei. Walikuwa wakiamini kwamba ukionekana ukipanda, jina litafika kwa bosi na kazi huna. Sasa bosi hayupo, mgodi wenyewe umejaa maji, na bado kaka yangu alilipita gari lile ameangalia pembeni.

“Panda basi, unamwogopa nani?” nilimwambia.

“Dada, usinitie nuksi. Nina mtihani.”

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Siku moja Mwalimu Slone aliwawekea darasani kanda ya sauti za mapafu mabovu, kisha akawaagiza wasikilizane vifua wawiliwawili. Mwenzake Verlin alikuwa Shaelyn, binti mdogo asiye na makuu. Akamwekea stetoskopu mgongoni.

“Vuta pumzi, mzee. Tena.” Uso ukamng’aa. “Mwalimu, nimeipata! Ile ya tatu kwenye kanda! Ya wachimbaji!”

Shaelyn ndiye aliyenisimulia, akilia juu ya meza yangu ya supu. “Sikufikiri, mama. Nilifurahi kwamba nimepata jibu.”

Mwalimu alisikiliza mwenyewe. “Verlin, unajua hii ni nini.”

“Najua. Swali hilo nililipata kwenye mtihani.” Akavua shati kabisa. “Waje wote wasikie. Kwenye kanda haisikiki vizuri.”

Wakapanga foleni.

Kilichofuata kinaniudhi hadi leo. Walipokwenda hospitalini kwa mafunzo, alishindwa kumgeuza mgonjwa kitandani. Yeye ndiye aliyehitaji kukalishwa. Daktari akasema kazi ile hataiweza, wala nyingine. Verlin akarudisha sare imekunjwa. Nilitamani kuvunja sahani zote za kantini, lakini sahani zilikuwa na kosa gani?

Mwaka uliofuata Mwalimu Slone akampigia simu: kuna wanafunzi wapya, je, angekuja?

“Unakwenda kufanya nini?” nikafoka. “Kuwa maonyesho?”

“Nipigie pasi shati, dada. Nakwenda chuoni.”

Alikwenda na mtungi wake wa hewa. Kijana mmoja aliogopa kumgusa. “Shusha kidogo, kulia,” kaka akamwelekeza. “Hapo. Unasikia?”

“Nasikia, mzee.”

“Basi ukiisikia kwa mtu, usimfiche.”

Siku hiyo mwalimu alikirekodi kifua chake kwenye kanda. Majani yalipopukutika tukamzika kando ya baba.

Kanda ile bado wanaitumia. Siku wanayoisikiliza naijua, kwa sababu vijana huingia kantini bila kelele. Safari moja nilivua aproni, nikamwomba mwalimu anisikilizishe. Akanivisha vile visikilizio vya masikioni, akatoka, akafunga mlango.

Nikamsikia kaka yangu akivuta pumzi, akishusha, akivuta. Nikangoja aseme neno.