Paka wa Baba Mkwe na Waya wa Ukutani

Mpwa wangu ni fundi umeme, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na dada yangu. Wanamwita Zimakwanza, maana hata ukimpa chupa ya soda aifungue, atakuuliza kama umezima kwanza. Utotoni aliifungua redio yangu ili amwone msomaji wa habari. Haya, hayo tuyaache.

Siku ya kwenda kuposa nilimwonya njiani, "Maneno niachie mimi. Wewe tabasamu, usiguse kitu."

"Sawa, mjomba."

Baba wa binti alitupokea akiwa kwenye kiti chake, kisogo kimeegemea ukuta. Juu ya egemeo la kiti, ubavu ukutani, alilala paka mnene.

"Huyu habanduki kwangu," mzee alisema kwa fahari. "Paka anajua watu."

Nikaanza hotuba. Nimefika kwenye mgeni njoo mwenyeji apone, namwona kijana hamtazami mchumba wala wazazi, anamtazama paka. Akainuka, akaweka kiganja ukutani.

"Mzee, huu ukuta una homa."

"Ni jua hilo."

"Jua gani, baba?" mama wa binti akadakia. "Nyuma ya huo ukuta ni jikoni kwangu."

Ndipo mambo yakatoka. Mzee alikuwa ametoboa ukuta kwa mkono wake, akapitisha waya wa friji hadi soketi ya sebuleni, akaziba kwa saruji na kupaka rangi.

"Waya laini kama huu wa friji hauzikwi ukutani, mzee," kijana akasema. "Kanuni zinakataza. Unakosa pa kupoa, na ukichubuka nani atauona? Ukutani unapita waya wa kudumu, tena ndani ya bomba la plastiki."

"Umekuja kuposa au kukagua?"

Binti, mlangoni, akajiziba mdomo kwa mtandio. Mimi nikaiona posa ikiota mbawa.

"Kuposa, mzee. Lakini tuzime kwanza."

Akajipenyeza nyuma ya kiti na suruali yake ya suti.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," mama akasema, akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa.

Saruji ikabomolewa. Waya ukatoka umebadilika rangi, ngozi yake inavunjika kama biskuti. Mzee akajipapasa kisogo.

Fundi na binti wakatumwa dukani kununua bomba. Duka liko ng'ambo ya barabara, lakini walikawia kama waliokwenda kulitengeneza bomba lenyewe. Kabla jua halijazama, friji ilikuwa na soketi yake jikoni.

Paka akarudi mahali pake. Akaunusa ukuta, akaugusa kwa ubavu, akaukuta baridi. Akashuka, akaenda zake jikoni kulala nyuma ya friji.

Mzee alimsindikiza kwa macho. "Kumbe siku zote alikuwa anapenda waya."

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wewe," mzee akamgeukia kijana, "paka umeniondolea, na binti unamtaka?"

"Namtaka, mzee."

"Basi mchukue. Ila mje mara kwa mara. Sasa nitakaa na nani hapa?"

Hotuba yangu mpaka leo sijaimalizia.