Timu Iliyosindikizwa Kama Fahali

Mwaka ule chuo kilifungwa baada ya mgomo. Nikarudi nyumbani Malinya na sanduku la vitabu na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeniomba niyaulize. Nilimuuliza baba kwa nini tunapanda mahindi kwenye mistari ileile kila msimu. Katekista nilimuuliza mambo mpaka akaanza kupita njia nyingine. Nilijiunga na kikundi cha mashabiki wa klabu yetu ya mpira kwa sababu moja tu: siku za Jumamosi hapakuwa na mtu mwingine wa kubishana naye. Wote walikuwa kwenye mpira.

Tulikuwa watu kama arobaini. Kulikuwa na wachimbaji wa dhahabu, wakulima wenye viploti vya chai, walimu wawili wa shule ya msingi na akina mama wa sokoni. Mwenyekiti wetu alikuwa mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti hata siku moja, na kila mtu alinyamaza akifungua mdomo. Aliyemfuata kwa uzito alikuwa mzee mpiga isukuti, ngoma zetu za huku. Mzee huyo alifuga pia fahali wa kupigana, na hilo ndilo lililoleta mambo yote ninayoyaeleza hapa.

Uwanja wetu ulikuwa uleule wa fahali. Siku nyingine mafahali walipambana pale, siku nyingine tukacheza mpira juu ya alama za kwato zao. Na kwa kuwa watu walikuwa walewale, kikundi kiliisindikiza timu kama fahali anavyosindikizwa. Asubuhi ya mechi wachezaji walichukuliwa nyumba kwa nyumba, wakawekwa katikati, isukuti zikaanza, na sote tukatoka mbio. Hatukutembea. Tulikimbia, tukiimba na kupeperusha matawi, wachezaji wakiwa wamezungukwa wasiguswe na mtu wa nje, mpaka uwanjani. Mechi ikiwa mbali, tulikimbia mbali.

Msimu ule tulikuwa mkiani. Ligi yetu ya wilaya ilikuwa ya chini kabisa, hakuna daraja la kushukia. Timu ya mwisho ilikuwa inaondolewa tu. Chifu alikuwa ametangaza kwenye baraza kwamba uwanja usio na timu ya ligi ni malisho, na malisho yale yangegeuzwa soko. Alimwendea mwenyekiti wetu kando, akamwahidi kibanda cha kwanza, kile cha karibu na barabara. Mama alimwambia omena wake wamezoea kukaa chini kwenye gunia. Alitusimulia hayo bila kucheka. Mumewe, kabla hajafa, alikuwa mmoja wa waliong'oa visiki pale wakiwa vijana. Mechi iliyobaki ilikuwa moja, ugenini Bukura. Tukipata hata sare tungewapita walio juu yetu. Tukifungwa, basi.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekimbia na timu mpaka Lurambi. Tulipofika nilikaa chini, kichwa katikati ya magoti, nikiona nyota mchana. Nilipoinua macho, beki wetu wa kulia alikuwa ameinama vilevile, mikono magotini, na yeye alikuwa hajaanza kucheza. Nilirudi nyumbani nikawaomba wale walimu wawili wanikumbushe tulivyofungwa msimu mzima. Tuliandika pamoja kwenye daftari la shule. Karibu mabao yote yaliingia kipindi cha pili, na mengi tulipokuwa ugenini.

Kwenye mkutano wa mwisho, chini ya ukuta wa posho mill, kinu cha kusagia mahindi, nilisimama na daftari langu. Nilieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetetea tasnifu. Nadhani hilo liliniharibia. Mmoja wa wachimbaji aliuliza kama daftari hilo linaweza pia kukaa golini, watu wakacheka sana. Mzee wa isukuti hakucheka.

"Professa," aliniita, jina walilonipa tangu nirudi, "fahali asiposindikizwa damu yake inalala. Atafika pale aanze kula nyasi."

"Mzee wangu, fahali anapigana dakika tano," nikasema. "Hawa wanacheza tisini."

Nilifikiri nimeshinda. Lakini mzee aliniangalia kwa namna ya huruma, akasema kwamba tangu mimi sijazaliwa timu hii imekuwa ikisindikizwanga hivyo, na siku ilipochukua ubingwa wa lokesheni, eneo letu la chifu, ilisindikizwa hivyo. Nikauliza ubingwa huo ulichezewa wapi. Akasema hapa hapa nyumbani. Nikamwambia ndiyo maana. Watu wakaanza kunguruma, kwa maana nilikuwa nimemkata mzee maneno. Mama mmoja nyuma akauliza kama chuoni tunafundishwanga adabu au hiyo nayo ilifungwa.

Ndipo kepteni akasimama. Alikuwa kijana mpole, mchimbaji wa dhahabu mwenye mabega mapana, na mikutanoni hakuwa akisema kitu. Aliongea akiangalia viatu vyake.

"Mimi nikifikaga ule mlima wa mwisho," alisema, "miguu imeisha. Si mimi peke yangu."

Mwenyekiti akamuuliza kwa upole kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Mama, watu wameacha mashamba yao wakusindikize mbio wakiimba jina lako. Utawaambia nini? Wanyamaze?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Daftari langu lilikuwa na mabao, halikuwa na aibu ya mtu anayependwa kupita nguvu zake. Nilikaa chini. Mwalimu mmoja akapendekeza wachezaji watangulie na trekta la miwa, mashabiki wafuate, na hapo hata mimi niliona nyuso zikikunjamana. Mwenyekiti alitikisa kichwa. Alisema hawezi kuwapeleka watoto wa watu Bukura kama mizigo, wafike ugenini bila hata mtu mmoja wa kwao. Kisha akauliza ni nani kati yetu ana baiskeli.

Mikono ilianza kupanda mmoja mmoja. Zilikuwa baiskeli nyeusi nzito, za kubebea ndizi na maziwa, zenye keria za chuma nyuma. Zilipatikana kumi na tano, na wachezaji walikuwa kumi na tano pamoja na wa akiba.

"Basi," alisema mama. "Watakaa nyuma. Sisi ndio tutachoka."

Mzee wa isukuti aliuliza ngoma nazo zitapanda wapi. Akaambiwa wapigaji watakimbia kama kawaida. Alitafakari, akasema hilo linawezekana.

Jumamosi tuliondoka umande ukiwa bado kwenye majani ya chai. Mimi nilipangiwa kumbeba golikipa, na hadi leo naamini hilo halikutokea kwa bahati tu. Alikuwa mzito kuliko wachezaji wote. Barabara ya murram ilikuwa na mawe na makorongo, na kila tulipofika mlimani nilisimama juu ya pedali, golikipa akinihesabia pumzi nyuma kwa sauti. Wapiga ngoma walikimbia pembeni yetu. Mwenyekiti alikimbia pia, leso kiunoni, viatu mkononi. Watu waliotoka kutuona barabarani waliuliza kama tunapeleka wagonjwa.

Tulifika Bukura wachezaji wakiwa wakavu kabisa, wakijinyoosha kama watu waliotoka kulala. Sisi tulianguka kwenye nyasi. Wanafunzi wa chuo cha kilimo walikuwa wamejaa upande wa pili, na mmoja wao akapiga kelele kwamba mashabiki wa Malinya waletewe machela, timu yao itazikwa baadaye.

Walitufunga mapema, mpira wa kona uliomgonga beki wetu mwenyewe begani. Mzee alinitazama. Nilijua anachowaza: damu imelala. Hadi mapumziko nilikuwa najiuliza. Labda yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Labda nilikuwa nimekiondoa kitu kimoja kilichokuwa kinafanya kazi, kwa sababu tu sikuweza kukielewa, na uwanja uliong'olewa visiki na mume wa mama huyu ungeuzwa vipande vipande kwa ajili ya daftari langu.

Kipindi cha pili kilianza kimya. Wapiga ngoma walikuwa wamechoka kwa kukimbia, isukuti zikalia kidogo zikakatika. Nilikuwa namwangalia beki wa kulia peke yake. Dakika zilikwenda, naye alikuwa bado anapanda na kushuka. Alipanda tena, akapiga krosi, kepteni akairukia kwa kichwa na mpira ukaingia karibu na nguzo. Tukawa sare, bao moja kwa bao moja. Hapo mwenyekiti aliinuka, akachukua ngoma kutoka kwa mpigaji, kitu ambacho wanawake kwetu hawafanyi, akaipiga vibaya, bila mpangilio, hadi mwisho wa mchezo. Mzee wa isukuti alimwacha. Wachezaji wetu walizuia, wakazuia, na filimbi ilipolia bado walikuwa wanakimbia.

Tulibaki kwenye ligi. Wachezaji walilala kifudifudi, mama akaketi juu ya ngoma akikung'uta vumbi miguuni polepole, mguu mmoja kisha mwingine.

Nilitamani mtu aje aniambie kwamba nilikuwa sahihi. Mzee alikuja kweli, akanishika bega, akanieleza kilichotuokoa: tangu nyumbani hakuna mchezaji aliyekanyaga ardhi ya njiani, hivyo chochote kilichofukiwa barabarani na watu wa Bukura hakikuwapata. Nikaanza kumweleza habari ya misuli. Akanisikiliza yote. Kisha akatangaza mbele ya kikundi kwamba kuanzia leo mchezaji hakanyagi chini, kwenda wala kurudi, na watu wakaitikia. Nami nilijua kwamba mechi moja haithibitishi kitu, hata upande wangu. Ningehitaji msimu mzima.

Jioni, kwenye mlima mkali kuliko yote, kasi yangu ilikuwa ya mtu anayetembea. Golikipa akainama sikioni mwangu.

"Professa, nishuke nikusukume? Hakuna anayetuona."

Mbele yetu mwenyekiti alikuwa anapanda bila kugeuka nyuma, na nyuma yake baiskeli nyingine zote kumi na nne, kila moja bado na mchezaji wake kwenye keria. Nilisimama juu ya pedali.

"Kaa," nikamwambia.