Aliyeshika Ubao

Usiku ule nililala na maneno matano mdomoni, kama mtu aliyelala na ganda la hindi kwenye jino. Gaudensi ndiye aliyemuua kaka yake. Niliyarudia nikiwa nimelala chali kwenye godoro la chini, mwanangu Faraja kifuani, mpaka yakawa laini kabisa, yanateleza yenyewe.

Kesho yake ilikuwa arobaini ya mume wangu, Festo. Kwa ukoo wao, siku hiyo kabla mjane hajafunguliwa kitambaa cheusi, baba mkubwa anamsimamisha uani na kumuuliza mbele ya watu wote: "Una neno na mtu?" Ukisema huna, kitambaa kinafunguliwa, watu wanakula wali, wanakwenda kwao. Ukimtaja mtu, huyo mtu anainuka palepale, anatoka uani, na harudi nyumbani hapo, si kwa harusi wala kwa msiba, mpaka wewe mwenyewe umwite. Wapo waliozeeka hawajaitwa. Wapo waliokufa.

Mimi nilikuwa na mtu wa kumtaja, na sikuwa na nia ya kumwita maisha yangu yote.

Festo alikuwa bodaboda. Pikipiki yake ilinoki injini, ikabidi ipelekwe kwa fundi mjini. Mdogo wake, Gaudensi, anaendesha pikapu ya tajiri mmoja wa mbao, hapa kwetu Mafinga karibu kila gari linabeba mbao, akaja nayo asubuhi ili wapakie. Kupakia pikipiki kwenye pikapu si kazi ya ajabu. Unafungua mlango wa nyuma, unaegemeza ubao, mmoja anashika usukani na kusukuma, mwingine anainama na kuushika ubao usihame. Basi. Wenyewe wana sheria yao moja, nimeisikia tangu naolewa: anayeshika ubao hasemi na mtu. Hata umwamkie, haitiki.

Ubao ulihama. Pikipiki ilirudi nyuma ikamlalia Festo kifuani, na kichwa chake kikapiga jiwe. Hakufika hospitali.

Kila aliyemuuliza Gaudensi kilichotokea alipewa jibu lilelile. "Mkono uliteleza." Siku arobaini, mkono uliteleza. Polisi, mkono uliteleza. Padri, mkono uliteleza. Mimi nilimkamata shati makaburini nikamwambia, "Mkono wako una mafuta ya nguruwe?" Akaangalia chini. Hiyo ndiyo iliyoniua zaidi, kwamba hata kujitetea hajitetei.

"Wifi," Skola aliniambia usiku ule kutoka kitandani. Ni dada yao, mdomo wake hauna kufuli. "Kesho usije ukalegea. Ukimnyamazia, watu watasema mlikuwa mnapeana kitu."

"Lala, Skola."

"Nalala. Nakwambia tu. Mimi ni dada yake na bado ningemtaja."

Akaanza kukoroma kabla sijapata tusi la kumfaa.

Sijui nilisinzia saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilisikia ukucha dirishani, tik, tik, vile Festo alivyokuwa akigonga anaporudi na hataki mtoto aamke. Nikainuka. Nikafungua mlango nikiwa nimejiandaa kukuta giza, nikakuta jua la saa sita, jua jeupe linaloumiza macho, na pikapu imesimama uani na mlango wake wa nyuma umefunguliwa.

Festo alikuwa amevaa suti tuliyomzika nayo. Chini alikuwa na soksi tu, zile za kijivu, kwa sababu viatu havikuvalishwa. Soksi zilikuwa na tope. Kwenye nywele alikuwa na vumbi la mbao.

Sikulia. Nilishikwa na hasira, hasira kabisa, kama ya siku anazochelewa.

"Wewe si tumekuzika?" nikamuuliza.

"Mmenizika," akasema. "Lakini pikipiki bado iko chini. Njoo unisaidie kupakia."

"Mwite mdogo wako."

Aliushika usukani, akaiweka pikipiki gia huru, akaanza kuisukuma, na nikaona kwamba haendi kwenye pikapu, anaingia nayo kwenye mlango wa kanisa. Nikamfuata. Ndani hakukuwa na kanisa. Ilikuwa korido ya zahanati, ileile, yenye ukuta wa rangi ya kijani mpaka kiunoni, na akina mama kwenye benchi na watoto wao. Pikapu ilikuwa imeegeshwa katikati ya korido na hakuna aliyeishangaa. Mama mmoja aliinua miguu ili gurudumu lipite.

"Songa, mama Faraja," Festo akaniambia. "Foleni inakwenda."

Ninakaa. Faraja yuko mgongoni kwangu, wa moto kama chungu. Ninaijua siku hii. Ni siku ambayo Festo aliahidi kutuleta, akasema, "Nikishapakia tu nitapita na pikapu niwachukue," na sikumwona, na nikatembea kwa miguu na mtoto mwenye homa, nikafika wa mwisho, kadi yangu ikawekwa chini kabisa ya kadi zote. Ninatafuta simu kwenye kanga. Ninampigia Festo. Haipokelewi. Ninapiga tena. Kwenye benchi wanawake wananitazama. Mmoja anacheka kwa pua, "Wanaume wa pikipiki hao," na mimi ninapiga tena, na hapo ndipo ninapotafuta jina la Gaudensi.

"Mama Faraja," Festo anaita kutoka nyuma ya pikapu. "Shika ubao."

"Niko kwenye simu!"

"Shika ubao."

Ninainuka kwenye benchi, na ninapoinuka sipo tena kwenye benchi. Nimeinama nyuma ya pikapu, uani kwetu. Jua lilelile jeupe. Ubao wa paina uko mbele yangu, una umande, unanuka utomvu. Ninaziona mikononi mwangu kucha nyeusi. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Ninakijua kidole hiki. Kiliumwa na msumeno, nilikifunga mwenyewe kwa kitambaa cha Faraja. Si changu. Ni cha Gaudensi.

Nilitaka kuvitoa hivyo vidole mikononi mwangu kama glavu. Havitoki.

Festo anasukuma. Gurudumu la mbele limepanda. Ninasikia pumzi yake juu yangu, ninasikia viatu vyake, sasa ana viatu, vinakwaruza changarawe. "Taratibu," anasema. "Umeshika?" Nataka kusema nimeshika, lakini anayeshika ubao hasemi na mtu, basi ninaushika tu, kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zangu zote.

Na kwenye mfuko wa shati langu simu inalia.

Inalia, inakatika. Inalia tena. Inatetemeka juu ya moyo wangu. Festo anasema, "Iache hiyo." Gurudumu la nyuma limefika mwanzo wa ubao, sasa uzito wote uko juu, ubao umepinda kidogo. Inakatika. Inalia. Ninahesabu bila kutaka, ya tatu, ya nne, ya tano, na ninawaza kile ambacho mtu yeyote angewaza: huyu anayepiga hivi kuna mtu anamfia. Ya sita ninauachia mkono mmoja. Mkono mmoja tu. Ninaitoa simu mfukoni na kwenye kioo kumeandikwa Shemeji Mama Faraja.

Nilijiona. Jina langu, likiwaka na kuzimika kwenye mkono wa mtu mwingine.

Nilitaka kupiga kelele, usipokee, usipokee, lakini kidole kisicho na ukucha kilikuwa kimeshabonyeza. Na sikioni mwangu ikaingia sauti yangu mwenyewe. Sijawahi kuisikia kutoka upande ule. Kali, chafu, haipumui. "We Gaudensi! Mwambie huyo mwanaume asiye na haya mtoto wake anakufa kwenye benchi! Mnafanya nini huko, mnaoga na hiyo pikipiki?"

Na mdomo wangu, ambao ni wake, unasema, "Shemeji, subiri kidogo, tuna..."

Kishindo.

Kishindo hiki ninakijua. Nilikisikia siku ile, kwenye benchi, kama sufuria kubwa limeanguka, kisha simu ikakatika. Nilidhani ameitupa simu kwenye bodi la gari kwa dharau. Nilisema "pumbavu" kwa sauti, mbele ya watoto wa watu. Kisha nikasonga mbele kwenye foleni. Siku arobaini nimekiweka kile kishindo upande mmoja wa kichwa na kifo cha mume wangu upande wa pili, na katikati nikasimama mimi nikiwa nimenyoosha mikono visikutane. Nilijua na sikujua. Kama unadhani haiwezekani, hujawahi kufiwa.

Lakini ndotoni kishindo kilipita na hakuna kilichoanguka. Niliinua macho. Pikipiki imesimama hewani, ubao umeshaondoka chini yake. Festo ameishika usukani kama mtu anayeshika baiskeli ya mtoto. Suti imerudi. Soksi za tope zimerudi.

Nikasema, "Ni mimi."

Aliendelea kuishika pikipiki hewani.

"Mbona Gaudensi hakuwaambia?" nikamuuliza. Sasa nililia, kwa hasira, kamasi na kila kitu. "Mbona kila siku mkono uliteleza, mkono uliteleza? Mbona hakunitaja?"

"Anayeshika ubao hasemi na mtu," Festo akasema. "Bado ameushika."

Ndipo nikauona mkono wa Gaudensi, mkono bila mtu, bado uko palepale kwenye ubao uliolala chini, umeubana mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

Nilimwambia Festo mambo mengi ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia angepokea simu ya kwanza tusingefika hapa. Nilimwambia pia yeye ni mjinga, kupakia kwenye ubao wenye umande wakati tuta lipo hatua ishirini, gari lingerudishwa kwenye tuta na pikipiki ingeingia yenyewe bila ubao wowote. Akatabasamu. Alikuwa akitabasamu hivyo nikimpata na kosa kweli.

"Hilo nalo ni kweli," akasema.

Kisha akaacha kutabasamu, akasema neno la mwisho, polepole, kama mtu anayefunga mzigo: "Kesho wakikuuliza, usinishike mimi kama fimbo."

Tukapakia. Mimi niliuinua ubao, nikaufuta umande kwa kanga yangu, nikaushika. Alipanda nayo, nyepesi, haikulia hata kidogo. Akaifunga kwa mipira ya tyubu, mbele na nyuma, akavuta mpaka shokapu zikashuka. Akakaa juu yake. Akagonga paa la gari mara mbili, vile wanavyogonga kumwambia dereva twende, na gari likaondoka bila dereva, likapita kwenye migomba ya jirani bila kuvunja hata jani moja.

Mara mbili. Ngo, ngo.

"Wifi! Umekufa huko?" Skola alikuwa akigonga mlango. "Kumekucha, watu wameshaanza kuja, na wewe umelala kama bibi harusi!"

Nilikuwa nimekaa. Mikono yote miwili imeubana ubao wa kitanda cha Skola mpaka vidole vimekufa ganzi. Faraja alinitazama, akanyoosha kidole, akagusa shavu langu lililolowa, kisha akaonja kidole chake.

Nikaichukua simu kwenye kanga. Sijawahi kufuta kitu kwenye simu ile. Nilirudi nyuma, nyuma, nikapita pole zote, nikapita simu za jeneza na za mchele, mpaka nikaikuta ile siku. Festo, Festo, Festo. Juu yake Gaudensi, mstari kwa mstari. Na wa juu kabisa, uliopokelewa. Sekunde tisa.

Nikatoka nje. Hakukuwa na jua, kulikuwa na ule ukungu wetu wa asubuhi. Pikapu ilikuwa uani, imerudi nyuma, imejaa mabenchi ya kanisani ya kukalia wageni. Gaudensi alikuwa juu ya bodi peke yake. Ndugu zake watano walikuwa wamekaa wanakunywa chai na hakuna aliyeinuka, kwa sababu tangu msiba hakuna mwanamume anayetaka kubeba kitu na Gaudensi. Alikuwa ameegemeza ubao, anajaribu kuteremsha benchi refu bila mtu wa chini. Ubao ulikuwa unacheza.

Aliponiona ninakuja alisimama wima. Alijua nimebeba nini mdomoni, kijiji kizima kilijua. Akavua kofia.

"Shikamoo, shemeji," akasema, ingawa ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Ni kwa ajili ya kaka yake ananiamkia hivyo.

Sikuitika. Nikapita mbele ya wale wa chai, nikaifunga kanga vizuri kiunoni, nikainama. Ubao ulikuwa na umande. Nikaufuta. Nikaushika kwa mikono miwili.

"Shemeji, acha," akasema kwa sauti ndogo. "Watu wanaangalia."

"Waangalie. Sekunde tisa, Gaudensi. Nimeziona."

Akarudisha kofia kichwani, akalishika benchi. "Mkono uliteleza," akasema. "Basi."

"Hilo nitalisema mimi, mbele ya baba mkubwa, na nitalisema lote. Sasa shusha," nikamwambia. "Nimeshika."