Kulewa Bila Malafu

Kwetu, kwenye maporomoko ya Kisangani, mtu aliyelewa hapandi kwenye miti. Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa msichana mdogo, kusoma sikujua, lakini sheria hiyo niliijua. Miti yenyewe imesimamishwa katikati ya mawe, mingine imelazwa juu yake, imefungwa kwa kamba za pori, na chini yake maji yanapiga kelele mpaka watu wanasemeshana kwa mikono. Wanaume walitembea juu yake miguu mitupu kwenda kuinua vikapu vikubwa vya samaki.

Asubuhi moja mama alizaa. Tulikuwa tumekwisha kuzika watoto wawili, na huyu alilia kwa nguvu, akanyonya. Papa, baba yetu, alikuja mtoni anacheka peke yake, anashika mabega ya watu. Tonton, kaka yake mkubwa, ndiye aliyesimamia miti. Akamzibia njia.

"Wewe umelewa."

"Sikukunywa kitu, yaya," papa alimjibu kaka yake.

"Macho yako inasema malafu."

"Macho yangu imeona mutoto. Malafu iko kwako, wewe mwenye ulilala jana inje ya mulango."

Watu walicheka, majina yao wote ninayo mpaka leo. Tonton hakucheka. Aliniita mimi, maana kwetu hata msichana mdogo anaitwa mama.

"Mama, kuya hapa. Nusa kinywa ya papa yako. Mutoto hasemi uongo."

Papa aliinama. Nilinusa moshi, nikanusa muhogo na tumbaku kidogo. Harufu ya malafu, ile pombe ya mchikichi, niliijua vizuri, maana bibi yetu aliichuja nyumbani kila siku.

"Hakuna, tonton."

"Bon, sawa. Panda."

Akapanda. Maji yalikula sauti yake, lakini niliona kinywa kinafunguka na mabega yanacheza: alikuwa anaimba. Alipofika mti wa pili aligeuka kwetu, akainua mikono yote miwili kutuonyesha urefu wa mtoto. Mguu ukatoka kwenye mti.

Alinaswa kwenye kamba ya kikapu, mkono mmoja tu, mwili mzima unapigwa na maji. Wanaume watatu walienda kwa tumbo juu ya mti. Kamba ilikuwa inakatika uzi kwa uzi, sote tunaiona. Mimi nilisimama na ile harufu ya muhogo puani, najiambia: ni mimi nimemuua.

Walimvuta akiwa hai. Ila mkono ule haukupanda tena kupita bega.

Jioni tonton alijitetea mbele ya bibi, mama yao wote wawili. "Mutoto alinusa, mama. Hakukuwa malafu."

"Nani alikutuma kuuliza kinywa?" bibi akasema. "Wazee wetu wakisema mutu amelewa, walisema kichwa yake inayumba sawa pirogi, mutumbwi yenye haifungwe. Maji inalewesha. Ngoma inalewesha. Furaha njo inapita zote. Malafu ilikuja nyuma, ikajichukulia ile neno yote peke yake."

Papa, pale kwenye mkeka, alisema pole pole: "Alors, nililewa kweli."

Toka siku hiyo alikaa ukingoni, akisuka vikapu vya wengine. Mtoto yule alikua, na siku alipotaka kupanda miti, papa hakumnusa kinywa.

"Leo uko na habari gani?" akamuuliza.

Mdogo wangu akatabasamu, akasema kuna msichana amemkubali.

Papa akamrudisha nyumbani.