Utomvu wa Migomba Chini ya Lori la Jeshi

Lori lenyewe lilikuwa limekaa kibanjani, katika shamba la migomba la nyumbani kwa mama mmoja mjane, muda mrefu kiasi kwamba mgomba mmoja ulikuwa umeota katikati ya chasisi, pale ilipokuwa injini. Mume wa yule mama alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya jeshi, akasombea kahawa hadi lilipomshinda. Baada ya hapo likawa linanyofolewa kidogo kidogo: injini, giaboksi, kabini, mwisho hata mbao za bodi. Kilichobaki ni chasisi, ekseli, difu na matairi yaliyooza juu ya ringi zilizoganda kwa kutu. Mzee alipofariki walimzika humo humo kibanjani, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, na kaburi lake likawa karibu kabisa na ncha ya nyuma ya chasisi.

Mama alitaka lori liondoke. Siku niliyokwenda kulikagua, kule juu Kamachumu, alinionyesha kaburi kwa fimbo yake, kisha akaielekeza fimbo kwenye chuma.

"Hapo lilipo ndipo mahali pangu," alisema. "Mwaka huu nimeumwa sana, waitu. Sitaki siku hiyo watu wangu waanze kutafuta winchi."

Mwanawe wa kwanza, mwenye karakana Ijuganyondo, mjini Bukoba, alikuwa amesimama pembeni akitazama viatu vyake. Alikuwa amemwahidi mama yake kulihamishia Bukoba tangu msiba wa baba, na kila mwaka lilipatikana jambo la kuahirisha.

Kazi ya kusafirisha mizigo mizito sikuisomea chuoni. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, na kwa kupima kila kitu kabla sijakigusa. Asubuhi ya safari nilipima upana wa lori, urefu wake, na nafasi ya kupita kati ya migomba. Majirani waliokuja kusaidia walinitazama kwa huruma.

"Fundi, unalishonea suti?" mmoja aliuliza.

"Limebaki mifupa tu," mwingine akasema. "Unaliogopea nini?"

Mifupa ya gari la jeshi ni mizito kuliko magari mengi yenye nyama zake, lakini sikubishana. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza. Tela langu lilisimama barabarani kwa sababu halingeweza kuingia kibanjani, na matairi ya lori yalikuwa hayabingiriki hata kidogo.

Huku kwetu kitu kizito kisichobingirika huburutwa juu ya migomba. Inakatwa ile iliyokwisha kutoa mikungu, inapasuliwa kwa urefu, kisha inalazwa upande wa ndani ukiwa juu. Maji na utomvu wake huteleza kuliko sabuni. Ndivyo mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, unavyohamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, na ndivyo tulivyolihamisha lori. Mama mwenyewe alichagua migomba ya kukata, akianza na ule ulioota katikati ya chasisi. Tulipofika kwenye mmoja uliosimama katikati kabisa ya njia, aliuzuia kwa fimbo.

"Huo una mkungu mchanga. Zungukeni."

Tulizunguka. Kuzunguka kule kulimaliza asubuhi yote. Chasisi iligoma kukata kona, ikabidi tuisukume kwa mtaimbo shubiri kwa shubiri, huku kila aliyekuwepo akitoa maelekezo yake. Hatimaye winchi ililivuta lori juu ya ngazi za tela, likipanda juu ya vipande vya migomba kwa upole wa kushangaza, na watu wakapiga vigelegele. Vipande vikabaki vimelaliwa na matairi. Nilipouliza kama tusingeviondoa, wote walinijibu kwa pamoja kwamba vitatusaidia kulishusha tukifika. Ilikuwa hoja nzuri. Mtumbwi wa rubisi hushushwa juu ya migomba ile ile uliyopandia. Nikafunga minyororo, nikaikaza, nikaijaribu kwa mtaimbo. Ilikuwa imara. Mama alitupa kahawa ya kutafuna, tukaondoka, mimi na mwanawe.

Kwenye mteremko wa kushukia Muhutwe nilikuwa kwenye gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea. Nilisikia chuma kikikwaruza chuma, kisha kishindo mgongoni mwa kabini. Nilisimama taratibu, nikaweka mawe mbele ya magurudumu, ndipo nikatazama.

Uzito ulikuwa umeikamua ile migomba. Vipande vilivyokuwa vinene kama paja vilikuwa vimelala kama mikeka, maji yake yakichuruzika hadi lami, na kwa kuwa lori lilikuwa limeshuka, minyororo ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Chasisi ilikuwa imeteleza mbele hadi kugonga ukuta wa tela, ikakaa upande. Tairi moja la nyuma lilikuwa nusu hewani.

Mwenye karakana alishuka, akatazama, akaenda kukaa ukingoni mwa barabara.

"Tulirudishe," alisema. "Nyumbani ni karibu kuliko Bukoba. Watu wapo. Tutalileta siku nyingine."

Na mimi nilikuwa nalifikiria hilo hilo. Mgongo uliniuma. Siku nyingine lilikuwa neno zuri sana, na sote wawili tulijua maana yake kwa mama yake.

Simu yake ikaita. Mikono yake ilikuwa imejaa utomvu, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka sauti kubwa.

"Mmefika?" mama aliuliza.

Alinitazama. "Tumefika, mama. Ndiyo tunalishusha."

"Basi vizuri. Nimewaambia waanze kuchimba."

Alisimama ghafla. "Kuchimba nini?"

"Mashimo ya migomba. Unafikiri nini? Nitapanda hapo, pawe na kivuli mpaka nitakapopahitaji."

Simu ilipokatika nilimwambia, "Sasa kwa mdomo umeshalifikisha. Imebaki kulifikisha kwa tela."

Hakucheka. Alivua shati, tukaanza. Kwanza tulilivuta lori hadi likakaa katikati. Kisha tukalinyanyua kwa jeki, gurudumu moja moja, tukivuta nyuzi za migomba kwa mikono, tukisugua chuma kwa majani makavu na vumbi la kando ya barabara hadi kiache kuteleza, halafu tukalishusha juu ya chuma kikavu na kukaza mnyororo upya. Kila gurudumu lilikuwa kazi ya kuanza tena kutoka mwanzo. Bodaboda mmoja aliyekuwa akipandisha kuelekea Kamachumu alipunguza mwendo.

"Wazee, mnaosha tela au mnamenya ndizi?"

"Shuka ule," mwenzangu alimjibu, na huo ndio ulikuwa mzaha wake wa pekee siku ile.

Tuliingia Ijuganyondo jioni. Migomba ya kulishushia haikuwepo tena, kwa hiyo tulilishusha kwa winchi na mtaimbo, kidogo kidogo, matairi yaliyooza yakimeguka kwenye ngazi. Lilikuwa bado nusu tela, nusu chini, simu ilipoita tena.

"Mmeshalishusha?"

"Bado kidogo, mama."

"Tangu mchana?"

"Ni kwamba, mama... ile barabara..."

"Acha kutafuta maneno," mama alisema. "Kuna kijana wa bodaboda alipita hapa, akasema kuna wazee njiani wanasugua tela. Mashimo yalikuwa tayari. Nilikuwa nimepanga kupanda kesho, lakini aliposema hivyo nikapanda saa ile ile."

"Kwa nini hukusubiri tufike?"

"Ili msipate pa kulirudisha."

Akakata simu. Mwenzangu aliuweka mkono kwenye chasisi, akaniambia nilegeze winchi. Nililegeza. Ekseli ya mwisho ikatua kwenye udongo wa karakana yake, na hakuna aliyepiga vigelegele. Tulinawa kwa sabuni, tukanawa tena kwa mafuta ya taa. Utomvu wa migomba hautoki. Suruali ile ninaivaa hadi leo kwa kazi za uani, ina madoa meusi kuanzia magotini hadi chini.