Uongo Mmoja wa Edvin Nygård

Edvin Nygård hajawahi kuutia chumvi hata uzito wa samaki. Hapa Båtsfjord, kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa Norwe, jambo hilo linashangaza, maana samaki wetu huendelea kukua hata baada ya kuliwa. Mtu akishuka gatini akasema amevua chewa wa kilo ishirini, sisi tunapunguza nusu kimyakimya na maongezi yanaendelea. Kwa Edvin hatupunguzi kitu. Akisema kilo nne ni kilo nne, na ukimbishia watu watakucheka.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji kwenye mlima unaotutenga na dunia. Dhoruba ikivuma barabara hufungwa, magari hujipanga kwenye kizuizi, na gari la theluji huyaongoza kwa msafara mpaka ng'ambo. Karibu maisha yake yote Edvin ndiye aliyekuwa mbele ya msafara huo. Alikuwa akishuka, anatembea kwenye foleni, anagonga dirisha la kila gari na kusema neno moja: "Twende," au "Leo hapana." Wageni walifoka, wenye haraka zao walimtukana, lakini hakuna aliyewahi kudhani kwamba amedanganywa.

Mkewe Hjørdis alikata minofu kiwandani tangu usichana wake. Alikuwa na mdomo kwa niaba ya wote wawili. Alipenda kitu kimoja ambacho sisi wengine hatukijali: mwanga wa kaskazini, zile rangi zinazocheza angani usiku wa baridi. Kwetu ule mwanga upo tu, kama upepo ulivyopo, na utotoni tuliambiwa tusiupigie mluzi wala kuupungia kitambaa usije ukatuchukua. Hjørdis aliupigia mluzi, akachapwa, akaupigia tena. Lakini kijijini taa za bandari zinaufifisha, na mawingu ya baharini hayana adabu. Aliyekuwa akiuona vizuri ni Edvin, kule juu mlimani, usukani mkononi, peke yake.

"Mwaka huu utanipandisha," Hjørdis alikuwa akisema kila vuli.

"Mwaka huu," Edvin alikuwa akijibu, na alimaanisha. Kisha theluji inaanza, kazi inabana, Hjørdis ana zamu ya alfajiri, na yeye hana moyo wa kumwamsha mtu aliyechoka. Miaka ikapita hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila ubaya wa mtu.

Edvin alipostaafu, Hjørdis akapata presha ya macho. Ilimla kutoka pembeni kuja katikati, mpaka akawa anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na gizani hata hilo tundu lilikuwa linaziba. Daktari alisema kabla ya kiangazi kufika huenda kusiwe na kitu. Edvin alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamvalisha mkewe koti, akamrudisha nyumbani, kisha akaenda kwa mpwa wake kuazima gari-nyumba.

"Na wakati huu wa baridi, mjomba?" mpwa aliuliza. "Mtaganda humo kama minofu."

"Twende," Edvin alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anamfuata.

Wakaondoka mwezi wa Januari. Maji walibeba kwenye madumu ndani, kwa kuwa tangi la chini ya gari lingeganda. Usiku walifunika vioo kwa mikeka minene, na kihita cha dizeli kilikohoa mpaka asubuhi. Hjørdis alifurahi kama msichana anayekwenda harusini.

"Mzee, unaendesha kana kwamba unasukuma theluji," alimwambia walipokuwa wakifuata mto Tana wa huku kwetu kaskazini. "Huna msafara nyuma yako."

"Kuna lori."

"Hilo lori linataka kukupita tangu tulipoteremka mlimani! Wapishe, maskini, wana watoto nyumbani."

Edvin akasogea. Lori likapita kwa honi ndefu, na Hjørdis akalipungia mkono upande ambao halikuwepo. Edvin aliona hilo, akakaza macho barabarani.

Mawingu yaliwafuata mpaka Karasjok, yakavuka nao mpaka kuingia Ufini, yakakaa juu yao walipofika Inari. Waliegesha kwenye kambi kando ya ziwa, karibu na wanandoa wawili Wajerumani wenye gari-nyumba kubwa kama basi. Mwenye kambi aliitwa Aune, mama wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini, aliyewahi kuolewa Karasjok, upande wetu wa mpaka, hivyo aliwasemesha kwa lugha yao. Aliwachomea samaki wa ziwani na kuwapashia sauna, chumba cha kuogea mvuke. Kila jua lilipomaliza saa zake chache, Edvin alimshika Hjørdis mkono, wakashuka taratibu mpaka juu ya barafu ya ziwa, mbali na taa.

"Bado?" Hjørdis aliuliza, shingo imeinuka.

"Bado."

"Labda uko nyuma yetu. Geuka, mzee, usisimame kama nguzo."

"Hata nyuma hakuna. Mawingu."

Walisimama hivyo jioni baada ya jioni. Machozi ya baridi yalimgandia Hjørdis kwenye kope, na kikohozi kikamshika. Simu ya Edvin ilionyesha mawingu juma zima, na siku ya Hjørdis kurudi kwa daktari ilikuwa imekaribia. Jioni moja Hjørdis alikohoa mpaka akainama, akainuka, akauliza tena, "Bado?" Sauti ilikuwa ndogo. Edvin akashindwa. Aliwaza kwamba kwa macho yale, gizani, hangeona kitu hata mbingu ikiungua, basi kwa nini asipewe?

"Ule pale," alisema.

"Wapi?"

"Juu ya msitu. Umeanzia kulia, unakuja huku. Kijani. Chini una upindo mwekundu, kama upindo wa gauni. Sasa unacheza."

Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Aliyasema huku akitazama mawingu meusi tii. Hjørdis aligeuza kichwa kulia, akakirudisha, akakigeuza tena.

"Mzuri," alisema mwishowe. "Mzuri sana, Edvin. Ahsante."

Edvin alilala usingizi wa mtoto. Aliamini ametenda jema, na ni kweli alikuwa anampenda, hilo tusimnyime.

Asubuhi Hjørdis hakujimiminia kahawa. Alikaa mkono juu ya meza, akingoja amiminiwe. Kioo chake cha kukuzia maandishi, ambacho hakikumtoka shingoni, kilikuwa kwenye ndoo ya taka. Alipoinuka alitembea amefumba macho, akipapasa makabati.

"Vipi, bibi, umeamka vibaya?" Edvin aliuliza.

"Niko salama. Nenda ukaangalie waya wako wa umeme."

Alikwenda. Waya ulikuwa umeshikwa na barafu, akaugonga, akarudi. Mlangoni akamsikia Hjørdis akizungumza kwa simu na binti yao, Torunn.

"Yamekwisha, mwanangu. Jana mwanga ulikuwa juu ya kichwa changu. Baba yako aliuona wote, mpaka upindo. Mimi nimeona giza tupu, kama chini ya gunia. Nilitafuta, nikatafuta... Hapana, usimwambie. Alifurahi mno, mzee wa watu. Nikamwambia ni mzuri."

Edvin alisimama kwenye baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akaingia na kofia yake kichwani, akakaa mbele yake.

"Hjørdis. Jana hakukuwa na kitu."

"Kitu gani?"

"Mwanga. Yalikuwa mawingu. Nilikudanganya."

Hjørdis akatabasamu, akautafuta mkono wake mezani na kuupigapiga. "Wewe? Mtu wa kilo nne? Acha, Edvin. Unanihurumia, na kudanganya hujui. Unatetemeka mpaka meza inatetemeka."

Alimwapia. Hjørdis hakuamini. Aliapa kwa jina la Torunn, naye akamwambia asimtie mtoto kwenye mambo haya. Hapo Edvin akatoka mbio mpaka nyumbani kwa Aune, akarudi naye angali na mwiko mkononi.

"Mama, jana?" Aune alisema. "Jana hata mbwa wangu sikumwona mwisho wa kamba yake. Kulikuwa na mawingu mwanzo hadi mwisho. Nani amekwambia kulikuwa na mwanga?"

Aune alimtazama Edvin, akaelewa, akaondoka polepole.

Hjørdis alijigusa kope kwa vidole. "Kwa hiyo," alisema, "huenda macho yangu bado yapo."

"Yapo!"

"Huenda," alisema Hjørdis, akarudi kitandani.

Jioni ile simu ilikosea. Upepo uligeuka, baridi ikashuka ghafla, na mawingu yakapasuka kuanzia ng'ambo ya ziwa. Edvin alikuwa ameshika sufuria ya viazi aliposikia Wajerumani wakipiga kelele nje, mume akimwita mke, mke akicheka na kulia kwa pamoja. Alifungua mlango. Amepita mlima ule majira ya baridi yasiyo na idadi, na hajawahi kuona kitu cha namna ile. Mbingu yote ilikuwa inatembea.

"Hjørdis! Upo! Haki ya Mungu upo, wasikilize wale! Njoo, buti zako hizi hapa!"

Hjørdis alikuwa amelala kitandani, uso ukutani. "Nawasikia."

"Basi njoo! Haukai huu!"

"Sitoki."

"Huniamini bado?"

"Nakuamini. Ndiyo maana sitoki." Aligeuka. Macho yalikuwa yamefumbwa. "Jana nilisimama pale ukaniambia upo, nikatafuta, sikuona. Nikayazika macho yangu pale pale kwenye barafu, Edvin, kimoyomoyo, ili nisikuharibie furaha yako. Nilizika vizuri. Leo unaniambia nikafukue. Nikitoka nisipoona, nizike tena? Sina nguvu ya mazishi mawili."

"Na ukiona?"

"Na nisipoona?"

Edvin alipiga magoti na buti mkononi. Alimbembeleza kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa machache, mazuri zaidi alikuwa ameshayatumia jana yake. Mlango ulikuwa wazi, baridi ikiingia. Rangi ya kijani ilipita sakafuni, ikapanda kwenye blanketi, ikamgusa Hjørdis shavuni na kwenye kope zilizofumbwa. Edvin aliiona. Alilia kwa sauti, jambo ambalo Hjørdis hakuwahi kulisikia tangu waoane.

"Funga mlango, mzee," alimwambia kwa upole. "Tutapata baridi."

Akaufunga. Kelele za Wajerumani ziliendelea, zikapungua, zikaisha.

Ilipofika Pasaka, Hjørdis alikuwa hatofautishi dirisha na ukuta. Majirani tulikwenda kumtembelea, kila mtu na keki yake, na kama ilivyo kawaida yetu tulizungumza habari zote isipokuwa macho. Ila mwanamke mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani hakujizuia, akamuuliza kama angalau ile safari ilimpa alichokifuata.

"Niliuona," Hjørdis alisema, akiwa amenyooka kitini. "Kule Inari, juu ya barafu, Edvin amenishika mkono. Ulianzia kulia, juu ya msitu. Kijani, na chini una upindo mwekundu, kama wa gauni. Halafu ukacheza."

Chumba kizima kilifurahi. Hakuna aliyepunguza nusu. Yule mwanamke akamgeukia Edvin, aliyekuwa amesimama na birika la kahawa mkononi, maana neno lake ndilo tulilozoea kulitegemea.

"Ni kweli, Edvin? Ulikuwa hivyo?"

Edvin hajui mpaka leo kama mkewe alikuwa anamsamehe au anamwadhibu, na hajathubutu kumuuliza. Alimtazama Hjørdis, ambaye naye alikuwa amegeuza uso kuelekea kule sauti yake itakapotokea, akisubiri.

"Ndiyo," alisema. "Ulikuwa hivyo."