Walikuja kupima pumzi ya Maua

Wasee, hebu skieni hii.

Leo watafiti wamekuja kwetu Subukia kupima gesi ng'ombe wanatoa wakipumua, ndio wajue mbegu ya dume gani iendelee kutumika.

Dada mmoja wao akaelekezea ng'ombe wetu Maua kamashine ka miale puani.

Namba zikapanda. Zikakataa kushuka.

Nikajua basi, mbegu ya dume aliyemzaa Maua haitatumika tena.

"Hebu mtoe hapo," akasema.

Nikamtoa. Namba zikabaki palepale.

Akageukia ukuta wa zizi, pale paipu ya bayogesi, gesi ileile, inapitia kuingia jikoni.

"Kuna mtu huko ndani?"

Mathe, mamangu. Alikuwa ameenda kuwapikia wageni chai.

Nilimkuta na kiberiti mkononi, amekasirika.

"Hizi njiti zimelowa. Niletee zingine."